Ushike Lipi, Uache Lipi?

(Maneno ya mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi msikitini baada ya swala ya Isha.)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu na vijana, mada niliyopewa usiku huu ni kijana na riziki yake. Ni mada pana mno, na mwenye kutaka kuigusa yote hatagusa chochote. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu niipunguze mpaka ibaki swali moja tu, nalo ni swali nililoletewa nyumbani na kijana niliyemsomesha juzuu ya Amma akiwa na miaka minane. Leo ana miaka 26.

Alikuja Jumapili baada ya Alasiri, akakaa barazani, akanyamaza muda mrefu kuliko ilivyo desturi yake. Kisha akasema: "Ustadh, nina kazi nne, na kila mwezi unaopita nazidi kuwa fukara. Nishike ipi?"

Nikamtaka anieleze. Ya kwanza ni ajira. Ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam, anashughulikia nyaraka za mizigo inayotoka bandarini, na mkubwa wake anamshauri asome zaidi jioni ili apandishwe cheo. Ya pili ni kampuni changa aliyoianzisha na rafiki yake waliyesoma pamoja. Wanatengeneza programu ya kompyuta ya kusimamia shule ndogo na madrasa. Ya tatu ni kuuza kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, anazoagiza kutoka Dubai. Ya nne si kazi bali ni tamaa njema: anajaza fomu za kuomba ufadhili wa shahada ya uzamili nchini Uturuki, na fomu hizo zina maswali ambayo kila moja humla usiku mzima.

Kisha likaja lile lililomnyamazisha barazani. Mtaji wa kazi ya pili na ya tatu haukuwa wake. Mama yake alikuwa na kiwanja alichokinunua kidogo kidogo kwa fedha za kukaanga vitumbua. Alikiuza, akampa mwanawe shilingi milioni 4. Siku aliyonijia, zilikuwa zimebaki laki saba, na mama hakuwa na habari.

Hebu tujiulize, ndugu zangu: ni vijana wangapi wa mtaa huu wako katika hali hiyo hiyo usiku huu? Si wavivu. Wanaamka kabla ya alfajiri na kulala saa saba za usiku. Kinachowamaliza ni kwamba jembe ni moja na mashamba ni manne, kila shamba liko wilaya yake.

Najua mzee mmoja atasema moyoni: sisi tulichanganya muhogo na kunde na mahindi, na mvua ilipokosea huku tulikula kule. Ni kweli kabisa. Lakini mlichanganya mimea katika shamba moja, mzee wangu. Palizi moja ilitosha yote. Kijana huyu akipalilia kompyuta za Dubai, programu ya shule inaota magugu. Akishika fomu za Uturuki, yote mawili yanaota magugu.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijasema nilichomjibu, niseme kwamba mimi si mfanyabiashara, na yale machache niliyoyajua niliyajua kwa hasara. Niliporudi kutoka masomoni Khartoum nilikuwa na shahada, na nilikuwa na kile kiburi ambacho shahada humpa mtu kwa miaka miwili ya mwanzo. Nikafungua duka la vitabu vya Kiarabu. Papo hapo nikawa mfasiri wa vyeti na nyaraka, nikawa nasomesha madrasa asubuhi, na nikaanza kuandaa kitabu cha sarufi ambacho mpaka leo hakijafika sura ya tatu. Duka halikutimiza mwaka. Vitabu vilivyobaki niliviweka chini ya kitanda, na waliovisoma mpaka mwisho ni mchwa.

Lakini si hilo ninalolijutia. Katika mwaka huo huo wanawake watatu wa mtaani walinijia mara mbili wakiniomba niwafungulie darasa la jioni la watu wazima, wajifunze kusoma herufi kuanzia alifu. Nikawaambia wasubiri. Niliona ni kazi ndogo kwa mtu aliyesoma balagha. Ilinichukua miaka miwili kulifungua darasa lile, na hivi leo, katika yote niliyowahi kuyaanzisha, ndilo pekee ambalo halijakosa wanafunzi hata wiki moja.

Kwa nini sikuliona? Kwa sababu nilipokuwa nachagua nilikuwa najitazama mimi: nimesoma nini, naweza nini, kipi kinalingana na hadhi yangu. Wale kina mama walikuwa wanagonga mlango, nami nilikuwa bado natafuta mlango wa kugonga.

Mfano ulio mfukoni mwetu

Karibu kila aliyeketi humu ana simu inayotuma na kupokea fedha, na tumeizoea kiasi kwamba tunadhani ilibuniwa kama ilivyo. Sivyo. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana fedha. Wazo lilianzia katika kampuni ya Vodafone ya Uingereza, kwa bwana aitwaye Nick Hughes, na serikali ya nchi hiyo ikachangia gharama. Lengo lilikuwa kumrahisishia mtu mwenye mkopo mdogo kupokea na kulipa mkopo wake kwa simu. Mwezi Oktoba 2005 Safaricom ilianza majaribio nchini Kenya, Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, wakiwa na wateja wasiozidi 500 hivi. Bibi mmoja, Susie Lonie, alitumwa kutoka Uingereza kusimamia kazi hiyo.

Sasa angalieni yaliyotokea. Wateja walipewa chombo cha kulipia mikopo, wao wakakifanyia mambo mengine. Mtu aliwalipia wenzake. Mfanyabiashara aliweka fedha kwa wakala wa mji mmoja na kuzichukua mji mwingine ili asitembee na noti mfukoni. Wengine walituma kwa jamaa zao walio mbali. Kwa upande mwingine, lile lililokusudiwa lilikuwa na mashaka: hesabu za taasisi ya mikopo hazikuoana kwa urahisi na hesabu za simu, na vikundi vya wakopaji, ambavyo nguvu yake ilikuwa kukutana ana kwa ana, havikuwa na sababu kubwa ya kukutana tena.

Wenye mradi wangeweza kung'ang'ania. Fedha zilitolewa kwa ajili ya mikopo, mipango iliandikwa kwa ajili ya mikopo, na ni vigumu kwa mwenye cheo kukiri kwamba wateja 500 wameona asichokiona yeye. Hawakung'ang'ania. Mikopo ikawekwa kando, na mwezi Machi 2007 huduma ikatolewa kwa umma wa Kenya ikiwa na ahadi moja inayoeleweka na mtoto: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Ikumbukwe pia kwamba mikopo haikufa. Ilirudi Novemba 2012, kwa jina la M-Shwari, kwa ushirikiano wa Safaricom na Commercial Bank of Africa, wakati shina lilikuwa limekwisha kusimama kwa zaidi ya miaka mitano. (Hukumu ya mikopo ya namna hiyo na riba iliyomo ni mada nyingine, na siihalalishi kwa kuitolea mfano. Nazungumzia namna watu walivyoamua wafanye lipi kwanza.)

Aidha, Vodacom ilipoileta huduma hiyo hapa Tanzania mwaka 2008, ilikua kwa mwendo wa taratibu kuliko Kenya ingawa jina lilikuwa lile lile. Kwa hiyo asije mtu akadhani atachungulia kilichomfaa jirani, akibebe kama kilivyo, kimfae na yeye.

Vijana hupenda kunitajia Mzee Said Salim Bakhresa. Wananiambia: Ustadh, mbona yeye ana unga, ana juisi, ana boti, ana televisheni? Nami huwauliza alianza na vingapi. Alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kisha akaingia katika usagaji wa nafaka. Boti na televisheni ni matawi. Kijana anatazama matawi ya mti wa miaka hamsini, kisha anataka apande matawi.

Mfanyabiashara wa hariri

Upo mfano mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu unahusu biashara na elimu kwa pamoja, na kijana wangu alikuwa amekwama baina ya hayo mawili.

Imamu Abu Hanifa, Allah amrehemu, alizaliwa mwaka 80 Hijria katika mji wa Kufa, na alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Vitabu vya wasifu wake vinasimulia kuwa mwanachuoni Ash-Shaabi alimwona akienda sokoni, akatambua akili yake, akamhimiza akae na wanachuoni. Hata hapo hakufika moja kwa moja. Alianza na elimu ya kalamu na mijadala, akawa hodari wa kubishana. Baadaye akajiuliza elimu hiyo inampeleka wapi na watu wanahitaji nini kwake, akaiacha, akaegemea fiqhi. Alishikamana na mwalimu mmoja, Hammad bin Abi Sulayman, kiasi cha miaka 18, mpaka mwalimu alipofariki.

Miaka 18, ndugu zangu. Na kilichoachwa hakikuwa kitu kibaya wala hakikuwa kitu asichokiweza. Aliacha kitu alichokuwa hodari nacho. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa maana kuacha usichokiweza si kuacha.

Na duka je? Hakulifunga. Duka lilimlisha, likamfanya asihitaji fedha za watawala. Lakini hakujigawa nusu kwa nusu. Alikuwa na mshirika, Hafs bin Abdir-Rahman. Na lipo tukio mashuhuri: Abu Hanifa alimpelekea mshirika huyo nguo miongoni mwake kukiwa na yenye kasoro, akamwagiza ambainishie mnunuzi. Mshirika akasahau, akauza bila kubainisha, na mnunuzi hakujulikana tena. Abu Hanifa akaitoa sadaka thamani ya nguo zile zote. Ukiamua moyo wako uwe huku, na mkono wa mwingine uwe kule, dhima ya kule haijakutoka.

Wiki nne za daftari

Turudi kwa kijana wetu. Sikumchagulia. Kumchagulia mtu mzima riziki yake ni kujibebesha nisichokijua. Nilimpa daftari la shule la kurasa 40, nikamwambia kwa wiki nne aandike kila siku mambo matatu: saa zake zimekwenda wapi, nani amemtafuta bila yeye kumtafuta, na nani ametoa fedha.

Nikamwekea na masharti mawili ya kabla ya daftari. La kwanza, nilipomuuliza programu ile anaiandika saa ngapi, alisema nyingine anaiandika ofisini, kukiwa kimya, kwa kompyuta na intaneti ya ofisi. Nikamwambia saa hizo ameziuza, na mwenye kuzinunua analipa kila mwisho wa mwezi. Aache kuanzia kesho. La pili, asilale siku hiyo kabla hajamweleza mama yake fedha ziko wapi. Alilikubali la kwanza upesi. La pili alilikubali akiwa amesimama mlangoni, viatu vimevaliwa.

Aliniambia baadaye kwamba mama hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Hizo kompyuta ziko wapi?" Zilikuwa tatu, ndani ya sanduku, mwezi wa tano huo. Mama akachukua moja, akaiweka juu ya meza yake ya vitumbua kwa siku nne, akiwaambia wateja wake wa asubuhi ni ya nani na bei gani. Mwalimu wa sekondari akanunua. Ya pili ikachukuliwa na jamaa wa mwalimu huyo. Mimi nilicheka niliposikia, kisha nikasitisha kicheko, kwa sababu bibi yule alikuwa anajua wateja wake wanahitaji nini kuliko mimi na mwanawe tuliosoma.

Baada ya wiki nne kijana alirudi na daftari. Biashara ya kompyuta ilikuwa na wateja wa kuulizia bei wengi, waliotoa fedha ni wale wawili wa mama. Fomu za Uturuki zilikuwa zimechukua saa 31. Programu ya shule ilikuwa na sehemu 12: mahudhurio, matokeo, maktaba, ratiba, mpaka orodha ya mabasi, ingawa katika shule sita walizokuwa nazo hakuna yenye basi. Na katika zote hizo 12, walimu wakuu walitumia moja: ile inayowatumia wazazi ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha ada iliyobaki.

Nikauliza nani aliyekutafuta bila kumtafuta. Akafungua ukurasa, akaonesha kwa aibu kidogo. Mwalimu mkuu wa shule moja ya awali alimpigia saa nne za usiku akifoka, kwamba ujumbe wa ada haukwenda na kesho yake ni siku ya malipo. Kijana aliandika tukio lile katika safu ya matatizo. Nikamwambia alihamishe. Mama yule hakupiga simu kuulizia maktaba. Mtu hafoki saa nne za usiku kwa ajili ya kitu asichokihitaji.

Akasema: "Lakini Ustadh, kutuma ujumbe wa ada ni jambo dogo mno. Sisi tulitaka kutengeneza mfumo mzima wa elimu." Nikayasikia maneno yangu mwenyewe ya balagha na alifu.

Basi tukakaa mpaka adhana ya Maghrib, naye akaamua, mimi nikiuliza tu. Ajira anaibakiza, kwa sababu mshahara ndio unaomlisha yeye na mama, na kampuni changa ikilazimishwa kulisha watu kabla ya wakati wake hufa au humfundisha mwenyewe udanganyifu. Masomo ya jioni ya kupandishwa cheo, mwaka huu hapana. Kompyuta iliyobaki iuzwe, asiagize nyingine. Uturuki, tulipitia masharti pamoja: ufadhili wa serikali ya nchi ile kwa shahada ya uzamili unamtaka mwombaji awe hajafikisha miaka 30. Ana nafasi ya kusubiri mwaka mmoja au miwili, na alilia kidogo kwa hilo, sikumkataza. Saa zake mbili baada ya Alfajiri, wakati akili ni safi, ziende kwenye ujumbe wa ada peke yake. Akajiwekea muda mpaka mwisho wa Shaabani, aone ni shule ngapi zinalipa kwa hiari.

Siwafichi, yapo yaliyoumia. Rafiki yake hakukubali kuziacha zile sehemu 11, maana nyingi aliziandika yeye kwa mikono yake. Waliachana kwa wema, wakaandikiana nani anachukua nini mbele ya mashahidi wawili, lakini sasa wakikutana husalimiana haraka. Mkubwa wake wa kazi amemwambia kwamba nafasi ya cheo haitamngoja milele, na huenda anasema kweli. Shule zimefika tisa. Mama anarudishiwa laki moja kila mwezi, na kwa hesabu hiyo bado deni ni la muda mrefu.

Muda wake unaisha mwisho wa Shaabani. Yumo humu msikitini usiku huu, na amenipa idhini ya kusimulia haya kwa sharti nisimtaje jina, nami nimelitimiza. Nimewaletea madaftari 20 ya kurasa 40, yako pale karibu na mlango wa kushoto, bure kwa anayeyataka. Zimebaki kama dakika ishirini kabla ya kufunga, basi mwenye swali na aulize.

Wabillaahi tawfiiq.